Nani Alisema Ubaki Pale Kwenye Kamba

Joska mwanangu,

Anayekuandikia ni dereva mkali kuliko wote waliowahi kugusa usukani kati ya Juba na Nimule, na kama kuna anayebisha, mlete hapa mtaani Hai Malakal nimpe lifti bure ashuke akitetemeka. Miaka kumi nimevuka kutoka nchi hii kwenda ile kwa gari ambalo kisheria halijawahi kuzaliwa. Halina kadi ya usajili. Halina baba wala mama katika ofisi yoyote ya duniani. Wakubwa huvuka kwa pasipoti, maaskofu huvuka kwa barua zenye muhuri, baba yako alivuka kwa meno yake mawili ya mbele yenye mwanya. Nilikuwa nikicheka, kamba ya kizuizi cha askari inashuka, napita.

Usijali mwandiko. Herufi zinayumba kwa sababu meza yangu ni usukani. Nimekaa ndani ya Noah hapa uani, milango imefungwa, jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu. Wewe na mama yako mko ndani mnakunja nguo. Mnaamini natafuta waya uliokatika. Hakuna waya uliokatika. Nimewakimbia.

Jumapili, tulipotoka kanisani, tulikuwa tunakula chini ya kile kibanda cha nyasi, nami nikakwambia kwa sauti hata jirani asikie: "Mama, Ijumaa nakupeleka mimi mwenyewe Uganda, mpaka mlango wa chuo cha ukunga. Nitapiga honi wakunga wote watoke na glavu mkononi!"

Ukaweka kikombe chini. "Baba, sipandi gari lako."

"Mbona? Limekukosea nini?"

"Nitapanda basi na shangazi."

"Basi halina muziki, mama. Basi lina kuku."

Mama yako akacheka. Wewe hukucheka. Ukaniuliza, taratibu kabisa, kama mtu anayeomba chumvi: "Pale kwenye kamba, nilipokuwa na miaka minane. Nani alisema nibaki?"

Nikafanya kile ninachofanya siku zote. Nikasimama, nikatoa tumbo, nikaweka sauti nzito ya afande, nikaisimulia hadithi ile yote kama ninavyoisimulia stendi. Mama yako akacheka pale pale anapochekaga. Ukaningoja nimalize. Halafu ukasema: "Niandikie, baba. Ukiongea unacheka. Andika, nisome kwenye basi. Kama huandiki, basi hata stendi usije." Ukakusanya sahani ukaenda kuosha.

Leo Alhamisi. Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Tangu Jumatatu nimeandika barua tatu nikazichana. Zote zilikuwa zinachekesha. Hii ni ya nne, na daftari limebaki na kurasa chache. Nisipoimaliza hii nimekupoteza, najua, kwa sababu nakujua. Wewe si mtu wa kusema jambo mara mbili. Hilo hukurithi kwangu.

Habari ya kuchemsha maji, na ya kutotembea peke yako jioni, na ya kuficha simu, mama yako ameshakupa yote na shangazi yako atairudia njia nzima mpaka masikio yakuume. Mimi kuna somo moja tu ninalolijua vizuri, nalo ni makosa yangu. Hapo ndipo nilipopata digrii.

Niliacha shule darasa la sita. Stendi nimewaambia kwamba mwalimu alinifukuza kwa kuwa nilikuwa namzidi akili. Hakunifukuza mtu. Dereva mmoja wa lori la mihogo kule kwetu Adjumani, Uganda, aliniachia usukani kwa dakika tano kwenye barabara tupu, na kesho yake sikuona tena sababu ya kukaa kwenye dawati. Miaka saba baadaye nikawa baba yako. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Hata leo watu wakituona pamoja hudhani mimi ni kaka yako, na mimi nimekuwa nikifurahia jambo hilo kuliko inavyofaa.

Watu wa mama yako walikuwa wakimbizi upande wetu. Walipoanza kurudi kwao, Rejina akarudi nao akiwa na wewe mgongoni. Wengine huja Juba kufuata kazi. Mimi nilikuja kumfuata Rejina, kazi nikaikuta njiani. Yeye hakuijua lugha yetu vizuri, mimi ya kwao siijui mpaka leo, ndiyo maana Kiswahili kikawa lugha ya nyumba hii, kimevunjika upande wake na kimevunjika upande wangu, na wewe ukakiokota vipande ukakiunga. Ninakuandikia kwa hicho hicho.

Sasa nikueleze nilivyopata jina la Waraga, kwa sababu shuleni wamekuita binti Waraga na hujawahi kuambiwa vizuri.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza hapa. Naendesha pikapu ya mtu, nimebeba vitunguu, sijui neno hata moja la Kiarabu cha Juba. Nikasimamishwa mahali na askari kijana. Akaja dirishani: "Waraga weni?"

Wewe unajua alichouliza. Alitaka kujua karatasi ziko wapi. Lakini kwetu tuna pombe kali inaitwa waragi, hata mtoto anaijua kwa harufu, na mimi sikio langu lilikuwa bado liko Uganda. Nikamwambia kwa heshima, "Afande, asubuhi yote hii?"

"Waraga!" akasema kwa ukali.

Nikaingiza mkono chini ya kiti nikatoa vile vipakiti vya plastiki, vitatu. "Iko hii tu, afande. Nyingine nilimpa mwenzako."

Akaviangalia. Akaniangalia. Akawaita wenzake. Joska, walicheka mpaka mmoja akakaa chini akaegemea tairi langu. Wakachukua vipakiti, wakanipiga mgongoni, wakaniambia pita, ya zol, bwana wewe, pita. Jioni ile habari ilishafika stendi kabla yangu. Mtu asiye na karatasi akapewa jina la Karatasi.

Nilidhani ni bahati. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa ubovu wangu, mama. Siku ile nilijifunza kwamba mtu ukimchekesha anasahau alichokuwa anauliza. Tangu hapo kila mtu nikamfanya askari. Mwenye nyumba akija, namchekesha. Mchungaji akiniuliza mbona sionekani, namchekesha. Rejina akiuliza nimeshinda wapi siku mbili, nacheza ngoma mlangoni mpaka anashika mbavu, na swali linabaki pale chini kama sufuria mnayoiruka. Nimeishi na mama yako miaka kumi na minane na sidhani kama nimewahi kumjibu.

Wewe ndiye wa kwanza aliyengoja mpaka nikamaliza.

Sasa gari. Hili hili nililokaa. Nililinunua Gulu kwa jamaa mmoja mwenye saa kubwa ya dhahabu, akanipa ufunguo, akanipa na mkono, akasema, "Kadi itafuata." Alisema kama watu wanavyosema kwenye simu "niko njiani" wakati bado wanaoga. Mwanzo nikimpigia anapokea. Baadaye anapokea mke wake. Baadaye ikawa ile sauti ya mashine inayosema namba haipatikani. Ningeweza kwenda ofisi inayoandikisha magari nikauliza namba hii ni ya nani. Safari moja tu. Sikwenda. Nilijiambia nina shughuli nyingi. Nilikuwa naogopa wataniambia ni la nani.

Hilo naomba ulibebe, kama kuna la kubeba katika barua hii: ukijikuta unazunguka ofisi ya kuulizia, tayari unajua watakachokujibu. Ingia tu. Mimi nilizunguka miaka kumi.

Ndipo nikabuni ujanja wangu mkubwa, ambao nimejisifu nao mbele ya kila dereva isipokuwa mbele yako. Nilikuwa naweka bahasha kubwa ya kaki mbele ya kioo, nene, imejaa. Hakuna anayetaka kufungua bahasha nene juani. Na yule mwenye kutaka kufungua, namtolea karatasi moja tu kwa mbali, yenye mihuri miwili, wa buluu na mwekundu, na sahihi iliyopinda kama ya waziri. Anaona mihuri, anatikisa kichwa, kamba inashuka. Karatasi ile ilinivusha mwaka mzima, Juba mpaka Gulu, Gulu mpaka Juba.

Ilikuwa ripoti yako ya darasa la kwanza.

Unakumbuka uliitafuta. Ulilia. Ulitaka kumwonyesha bibi yako, nikakwambia imeliwa na panya, na mama yako akanunua sumu kwa ajili ya panya huyo. Haikuliwa, mwanangu. Ilikuwa inafanya kazi ya gari.

Basi ikafika ile Desemba. Shule zimefungwa, nakupeleka kwa bibi Adjumani. Umekaa mbele, gauni la njano, begi miguuni, chapati mbili kwenye karatasi, unaimba nyimbo zote za kanisani mpaka za mazishi. Kamba ile ya kabla ya Nimule unaijua, wameifunga mifuko ya plastiki ionekane kwa mbali. Akaja afande. Katika hadithi yangu ana tumbo. Hakuwa na tumbo. Alikuwa mwembamba, mtu mzima, na miwani mfukoni, mkono mmoja wa miwani umefungwa waya.

"Salaam."

"Salaam aleik, mkubwa wangu."

"Waraga ta arabiya?"

Anataka karatasi za gari. Nikatoa yangu kwa mbali, mihuri mbele. Akanyoosha mkono akaichukua. Halafu akatoa miwani akavaa. Joska, mwaka mzima hakuna hata mmoja aliyevaa miwani.

Akapitisha kidole mstari kwa mstari. Halafu akasoma kwa sauti, wenzake wakasogea.

"Hii arabiya iko inaitwa Joska?"

"Afande, kuna..."

"Kiingereza, nzuri. Hisabati, dhaifu." Akalitazama gari mbele na nyuma. "Gari yako iko dhaifu kwa hisabati?"

Askari wakapasuka. Hata wewe ulicheka, mkono mdomoni. Halafu ukasimama kwenye kiti ukachungulia, ukapiga kelele: "Baba! Hiyo ripoti yangu! Ulisema panya!"

Afande akakuangalia juu ya miwani. "Panya gani, binti?"

Ukaniangalia mimi. Nikawa naangalia kamba.

Akaendelea kusoma, sasa taratibu, si kwa mzaha tena. "Anapenda kuimba. Anaogopa kuuliza maswali. Asaidiwe nyumbani." Akaikunja vizuri, akazunguka gari lote, akaja dirishani kwako akakupa mkononi. "Hii iko yako. Usipatie mtu."

Halafu akarudi kwangu. "Mimi nilisoma Uganda, kijana. Kambini, chini ya turubai, mvua inanyesha, tunasoma. Wewe unaletea mimi ripoti ya mtoto. Kadi ya gari iko wapi?"

"Nyumbani Juba, mkubwa. Chini ya godoro."

"Kweli?"

"Kweli tupu, haki ya Mungu."

Chini ya godoro kulikuwa na vumbi na viatu vya mama yako. Nilijua. Namtaja Mungu na najua.

Hapa ndipo, nikisimulia, afande anapiga bonati kwa ngumi na kunguruma: "Mtoto atabaki! Lete kadi, upate mtoto!" Watu wanacheka sana hapa. Wananinunulia soda. Nitakuja hapo. Nivumilie kidogo, nimeshika kalamu kama mtu anayechoma sindano.

Kwanza nikueleze nilikokuwa siku zile mbili, kwa sababu hilo nalo hujaambiwa. Nilirudi Juba kwa mwendo ambao ungeniua. Sikwenda nyumbani. Ningemwambia nini Rejina? Nilikwenda mtaa wa Hai Jalaba, kwa jamaa mmoja aliyekuwa na kompyuta nyuma ya duka la betri, mtu anayekutengenezea karatasi yoyote ukimpa pesa na jina. Akaniambia rudi kesho, jenereta imegoma. Kesho yake akaniambia rudi jioni, wino umekwisha. Nililala ndani ya gari usiku wa kwanza, nikalala ndani ya gari usiku wa pili. Siku ya tatu asubuhi akanipa kadi. Inang'aa. Ina muhuri, ina nembo, ina kila kitu. Nilikuwa nimefika nusu ya njia ndipo nikaisoma. Kwenye kadi, Noah yangu nyeupe imezaliwa pikapu ya kijani.

Nikaendelea hivyo hivyo. Ningefanya nini?

Afande akaipokea, akavaa miwani, akasoma mpaka chini, akavua miwani. Hakutukana, hakucheka. Akanirudishia kama mtu anayerudisha leso ya mgonjwa. "Chukua mtoto," akasema. "Pita. Na usirudi kwangu." Nikimaliza hadithi huwa nasema alishindwa na ujanja wangu. Alikuwa amechoka kuniona, basi.

Unajua kwa nini nimeacha njia ya Nimule? Mama yako anaamini mgongo unaniuma. Mgongo hauumi. Vijana wa sasa wana simu, wanapiga picha namba ya gari, wanangoja jibu kutoka huko mbali. Mwanya wangu hawauoni, wanaangalia kioo cha simu. Tangu mwaka jana gari hili haliwezi kutoka nje ya mji. Buluk, Hai Jalaba, hapa nyumbani, Buluk tena. Jumapili nilipokwambia nitakufikisha mpaka mlango wa chuo, nilikuwa najua siwezi hata kukufikisha mpakani. Nilikuwa nimeshapanga kisingizio. Ningeamka Ijumaa asubuhi nikasema gia imeshika. Ungekubali kupanda, ungechelewa basi, kwa ajili ya fahari yangu ya dakika tano mbele ya jirani. Ulifanya vizuri kukataa. Naandika hili nimeuma meno.

Wewe utakuwa na karatasi zako, zenye jina lako, mwaka wako, picha yako. Nimeziona mezani kwenye ile bahasha ya plastiki. Nilizigusa ulipotoka kuteka maji, nikanusa na wino, usinicheke. Cheti cha shule, barua ya chuo, kitambulisho. Mtu akikusimamisha popote huhitaji kumchekesha. Unatoa, anasoma, anakurudishia, unaendelea na akili zako zote. Hujui ninavyokuonea wivu. Mimi nimefika miaka thelathini na saba, na kila mtu ananipenda, na hakuna anayeniamini kwa jambo lenye uzito. Rejina mwenyewe, alipokuwa anaumwa mwaka juzi, alimpigia dada yake simu kwanza. Nilikuwa chumba kile kile.

Sasa swali lako. Hapa nyuma nimefuta mpaka karatasi imetoboka, utaona.

Afande hakusema ubaki.

Alichosema ni hiki, nayakumbuka maneno yake yote: "Sikiliza. Acha gari hapa, mimi iko nalinda. Chukua binti yako, nitawapandisha kwa lori la saruji, mnafika Juba jioni. Lete kadi, gari yako utakuta hivi hivi." Ilikuwa haki tupu. Hata sasa siwezi kuona kosa ndani yake.

Mimi nililiangalia gari. Nilikuwa nimeweka matairi mapya manne wiki ile. Nilijua magari yanayoachwa kwenye kamba, betri hutangulia, tairi la akiba hufuata, baadaye viti. Na nilijua kile afande hakukijua, kwamba kadi haipo, kwa hiyo nikiliacha nimeliacha. Nikakuangalia na wewe. Ulikuwa umeikumbatia ripoti yako. Niliwaangalia wote wawili, mwanangu, gari na wewe, kama mtu sokoni.

Nikatoa mwanya wangu. Nikasema: "Mkubwa, gari ndiyo kazi, bila gari sifiki popote. Baki na huyu. Huyu ndiye kadi yangu."

Askari wakacheka. Afande hakucheka. "Hapana," akasema. "Mtoto si waraga."

Nikafungua mlango wako. Nikakushusha. Nikakuwekea begi begani, chapati mkononi, nikakwambia, "Baba anarudi sasa hivi, kaa na wajomba." Nikarudi kwenye usukani. Afande akashika dirisha langu, akaniambia mara ya pili, na sasa hakuwa anaamuru, alikuwa anaomba: "Ya zol. Acha gari. Chukua mtoto." Nilikuwa nimeshaweka gia ya nyuma.

Ni mimi. Mimi ndiye niliyesema ubaki. Hakuna mtu mwingine aliyesema, na mmoja alikataa mara mbili.

Nilidhani nikishaandika hayo nitakuwa nimelipa, nitatoka kwenye gari hili nije nikubusu kichwani, na kesho nitakuja stendi kubeba begi. Hata mstari wa kufunga nilikuwa nimeuandaa, mzuri, ungekufanya ulie na kucheka pamoja. Sasa nauona na nauonea aibu. Siuandiki. Barua nitaipitisha chini ya mlango wako. Stendi sitakuja isipokuwa umemtuma mama yako aniite. Nitakuwa hapa uani, nimevaa viatu.

Ila kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linalonifanya nisilale, si lile la kwanza. La kwanza naweza kusema nilikuwa mjinga, nilikuwa kijana, niliogopa. Hili la pili halikuwa na haraka wala woga ndani yake.

Ile siku ya tatu asubuhi, nikingoja kadi ya uongo, nilikwenda mtoni kule wanakoosha magari. Nikaliosha. Ndani na nje, na mazulia. Nilikuwa na muda.

Nilipofika kwenye kamba nilikukuta umekaa juu ya jerikeni karibu na yule mama wa chai. Umevaa fulana ya mtu mzima mpaka kwenye magoti. Gauni lako la njano lilikuwa limefuliwa, limeanikwa juu ya kichaka. Sikuuliza lilichafuka vipi. Hukunikimbilia. Ulimwamkia afande, ukamshukuru mama wa chai, ukachukua gauni lako bado bichi, ukapanda ukaweka begi magotini. Ukafunga mlango taratibu, kwa mikono miwili, usiubamize. Halafu ukaniuliza:

"Gari liko sawa, baba?"

Nikasema, "Liko sawa kabisa. Hata nimeliosha."

Nikawasha, kamba ikashuka, nikapiga mluzi mpaka Adjumani. Ulikuwa na miaka minane, umekaa siku tatu kando ya barabara kwa watu usiowajua, na wa kwanza kuuliza hali ulikuwa wewe, ukauliza hali ya gari. Mimi sikukuuliza yako. Si pale, si njiani, si kwa bibi, si mwaka huo wala miaka yote hii tuliyokula sahani moja. Mpaka dakika hii, Joska, sijawahi kukuuliza.